Mlinganyo wa Upande Mmoja

Maji ya mji ule hayakuzaliwa na rangi. Ubuluu yalipewa na watu. Ukisimama ukingoni ukaliona bwawa limetulia, buluu tupu, buluu ya kutamanisha mpaka kidole kinawasha kutaka kuchovya, ujue unataka kuchovya kidole ndani ya mashangazi na wajomba za watu. Kila aliyeyeyuka yumo mle. Hana kiwiko, hana kisogo, hana jina la kuitikia. Amebaki rangi, na rangi haina bega ukaligusa ikageuka.

Nchi kavu waliishi watu wa chuma. Hao wasikutishe, ni watu kama wewe: wanaamka, wanagombania foleni, wanafika dukani wamesahau walichotumwa. Tofauti ni kwamba kila asubuhi kila mmoja hufagia kutu yake mlangoni, unga mwekundu uliompukutika usingizini, na hapo ndipo majirani husalimiana, ufagio mkononi, kila mtu akichungulia lundo la mwenzake kuona nani anakwisha haraka. Na kifuani kila mtu ana namba. Hakuna aliyeichora, imejitokeza yenyewe kwenye ngozi kama choa. Ambaye hajampa mtu kitu wala hajachukua cha mtu, namba yake ni sifuri. Wengi walikuwa sifuri, na waliitembeza hiyo sifuri yao vifua wazi kama nishani.

Sasa mtu wa chuma akiingia majini, na huwa wanaingia, usiniulize kwa nini, nawe unaye mmoja ambaye kwa ajili yake ungeingia na viatu, basi hapo hutokea badiliko. Mmoja wa waliomo majini humsogelea. Huyo hana mwili, na ili aupate anahitaji chembe mbili tu, ndogo mno, ambazo vitabu vya shule huziita elektroni na wanafunzi huziita majina mengine. Mtu wa chuma anazo. Anamwachia. Siku ya tatu hutoka mtu mpya, mwekundu, mzito, anang'aa kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu, hakumbuki chochote. Namba yake ilikuwa mbili, sasa ni sifuri. Na pale aliposimama yule wa chuma hubaki doa la kijani hafifu, kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Namba yake ilikuwa sifuri, sasa ni mbili. Wa kijani hawarudi. Kumtoa wa kijani anatakiwa mtu mkarimu kuliko chuma, na inasemekana zamani walikuwako watu wa zinki, wakarimu kupita kiasi. Ndiyo maana hawapo.

Juu ya mambo hayo yote lilikaa Baraza la Mabadiliko. Sheria yake ilikuwa moja na fupi: hakuna anayetoa pasipo anayechukua. Kwa hiyo kila badiliko sharti liandikwe ubaoni mbele ya watu, huku aliyetoa, huku aliyechukua, kisha aliyechukua apelekwe Shimoni. Shimo lilikuwa tangi la zege lenye kifuniko, na ndani yake tindikali ambayo shaba, inayozidharau tindikali nyingine zote, haikuwahi kuishinda. Ukiingizwa, moshi wa kahawia hupanda, watu hufunika pua, na bomba hupeleka kilichobaki bwawani. Ndiyo maana bwawa halikuwahi kuishiwa ubuluu.

Kazi ya kusema nani katoa na nani kachukua ilikuwa ya watambuzi, na hodari wao alikuwa Sikudhani, dada mwembamba wa joho jeusi, aliyeweza kutazama namba mbili akakupa habari nzima kabla hujamaliza kukohoa.

Asubuhi ile ambayo huenda ilikuwa jana, au ilikuwa kabla bwawa halijachimbwa (saa za mji ule zilikuwa na kutu nazo, zilikwenda zikitaka), Sikudhani aliandika ubaoni habari ya fundi seremala mmoja aitwaye Uledi. Uledi kaingia majini sifuri, kabaki doa lenye mbili. Mwanamke mwekundu katoka siku ya tatu, naye alikuwa mbili, kawa sifuri. Watu waliposoma ubao wakaanza kumshangilia Uledi. Shemeji yake wa kike akapiga kigelegele, akawaambia walio karibu kwamba shemeji wa watu amepanda, alikuwa si kitu na sasa ni mbili, na yule mwekundu ndiye wa kuhurumiwa maana kaporomoka mpaka chini kabisa. Kosa hilo walilifanya kila mara. Waliona namba imepanda wakadhani mtu kaongezeka.

"Mama, shusha kigelegele," Sikudhani alimwambia, bila ukali. "Hizi namba zinahesabu pengo. Ikipanda, mtu kapungukiwa. Ikishuka, mtu kachukua."

Yule shemeji alibaki na mdomo wazi, kigelegele kikiwa nusu nje nusu ndani. Sikudhani akaendelea kuandika. Vitabu vya Baraza humwita anayechukua kioksidishi na anayetoa kipunguzi, na aliyetunga majina hayo bila shaka alikuwa na kinyongo na watoto wa shule, kwa sababu kioksidishi ndiye ambaye yeye mwenyewe hupunguzwa namba, na kipunguzi ndiye ambaye yake huongezeka. Kila mmoja kaitwa kwa anachomtendea mwenzake. Sikudhani aliwahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba ni sawa na kumwita kinyozi mwenye upara kwa sababu ya vichwa anavyoviacha nyuma, na wanafunzi walicheka, na kwenye mtihani wakakosea vilevile.

Aliposema neno kioksidishi, walinzi walimshika yule mwanamke mwekundu. Alikuwa na mwili kwa siku sita. Alikuwa bado anajifunza kukunja vidole, anavikunja kimoja kimoja na kuvitazama.

"Nimechukua nini?" aliuliza.

Sikudhani alimjibu kwamba si yeye asemaye, ni namba. Hilo ndilo jibu alilowapa wote, na lilikuwa jibu la kweli, na ukweli wake ndio uliomwezesha kurudi nyumbani akala na kulala. Alijiona mtazamaji. Katika kila badiliko, utaona, wapo walioingia na wakatoka kama walivyoingia. Wamo ndani ya maji yale yale, wanaelea upande huu wa mshale na upande ule, na ukimaliza kuandika unawakata kwa mstari kwa sababu hawakufanya kitu. Unawakata upande huu, unawakata na ule. Hawana hatia. Sikudhani alilipenda lile neno, hawana hatia, alilipenda jinsi mtu anavyopenda godoro. Aliambiwa watambuzi wote ni wa aina hiyo, na akaonyeshwa ushahidi: wenzake mjini walipukutika, yeye hakuwahi kudondosha hata chembe ya kutu. Nyumbani kwake hakukuwa na ufagio.

Mtazamaji ni nani lakini? Ni yule asiyeguswa, au ni yule anayekatwa? Na anayekatwa pande zote mbili, je, alikuwapo? Mawazo ya namna hiyo yalimjia Sikudhani akiwa ananawa chaki, na aliyasukuma na maji.

Siku hiyo hiyo Mwenyekiti Kipanga alimwita ofisini. Kipanga alikuwa mzee wa sauti laini aliyevaa koti zito kwenye joto na hakuna aliyewahi kuona kifua chake. Ndiye aliyemwokota Sikudhani ukingoni mwa bwawa, miaka isiyojulikana idadi, akamvisha joho na kumpa chaki. Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya Sikudhani ilikuwa koti hilo. Kabla yake hakukuwa na kitu. Alizaliwa akiwa mtu mzima, na kwa kuwa katika mji ule hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za utoto, hakuona ajabu.

Kipanga alimpa kipande cha ubao wa zamani. Kilikuwa kimeandikwa upande mmoja tu. Bi Mwantumu, mtu wa chuma, kaingia majini sifuri, kabaki mbili. Katoa. Kisha mshale. Kisha hakuna.

Alimweleza kwamba ubao huo ulikutwa stoo, na kwamba habari zake zimeshavuja. Watu wameanza kunong'ona foleni. Wanasema kumbe inawezekana mtu akatoa na asiwepo wa kulaumiwa. Wanaliita zawadi, neno ambalo Kipanga alilitamka kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni. Na likishakuwepo hilo neno, alisema, Shimo litakuwa la nini, na Baraza litakuwa la nini. Akampa siku tatu. Mbele ya watu wote auandike upande wa pili.

"Wewe ndiye hodari wangu," Kipanga alisema. "Sikumbuki ukishindwa."

Sikudhani alianza kama alivyoanza siku zote. Alitafuta kila ambaye namba yake iliwahi kushuka. Wote walikuwa wameandikwa kwenye mbao nyingine, na wote walikwishapita Shimoni, wakiwemo mia na zaidi aliowaandika kwa mkono wake. Hakusalia hata mmoja. Akatafuta ambao hawakuwahi kupimwa. Akawapata: watambuzi. Akacheka, peke yake, kicheko kifupi. Watambuzi hupimwaje, nao ni watazamaji? Halafu kwa utani tu, kama mtu anayejipiga picha, akafungua joho akatazama kifua chake.

Sifuri.

Akafunga joho. Akalifungua tena. Ilikuwa sifuri nzuri, duara, haina kovu. Akaitazama mpaka kicheko kikamwisha. Sifuri haisemi ilikotoka. Kuna sifuri ambayo haijawahi kwenda popote, na kuna sifuri iliyoshuka kutoka mbili, na zikikaa pamoja hata mama yao hawezi kuzitenga. Akachukua kipande cha msasa akajikwangua kiwikoni, pale ngozi ilipokuwa nyeusi zaidi. Weusi ulitoka. Chini yake palikuwa pekundu, pekundu pa shaba, panang'aa.

Sasa akajua kwa nini nyumbani kwake hakukuwa na ufagio.

Alikwenda bwawani mchana, jua likiwa la utosi, na akazunguka ukingo mpaka akaliona doa la kijani la zamani kuliko yote, limejibana pembeni penye mawe. Hakujua aanzeje. Utamwambia nini doa. Akasema hodi.

"Umekonda," doa likasema.

Sikudhani alikaa chini, juu ya mawe. Akamwamkia. Yule akaitikia marahaba, akamuuliza kama amekula, na alipoambiwa bado, akanyamaza kwa namna ambayo ungejua kabisa kwamba kuna mtu amekunja uso humo ndani, ingawa uso haukuwapo. Kisha bila kuulizwa akasimulia. Hakuwa na hakika kama Sikudhani alikuwa mwanawe au alikuwa mama yake. Humo majini mambo hayo hayana mbele wala nyuma, unajua tu kwamba huyu ni wangu, hujui ni wangu kwa upande gani. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa akipita ukingoni na mafuta ya taa mkononi, akasikia mtu anakohoa ndani ya ubuluu.

"Rangi haikohoi, mama."

"Wewe ulikohoa. Kikohozi chako nakijua. Nikaweka chupa ya mafuta pembeni isije ikamwagika, nikaingia."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa chupa. Ilikuwa ya jirani."

Sikudhani akamweleza habari ya ubao na zile siku tatu. Mama alisikiliza, kijani chake kikitingishika kidogo. Kisha akasema jambo ambalo Sikudhani hakulitarajia. Akamwambia aandike kwamba yeye, Mwantumu, ndiye aliyechukua. Namba yake si imepanda, kutoka sifuri hadi mbili? Watu si huona namba imepanda wakadhani mtu kaongezeka? Waache wadhani. Watalisoma wataridhika na kwenda kupika.

"Watanifanya nini? Wataniyeyusha mara ya pili?"

"Watakuita mwizi. Kila atakayesoma ubao atasoma kwamba uliniibia."

"Waache wasome. Mimi najua."

"Na mimi?"

Upepo ulipita ukakunja maji, na kwa muda ikawa vigumu kujua kijani kinaishia wapi na buluu inaanzia wapi, na Sikudhani akaona kivuli chake kimelala juu ya vyote viwili, chekundu kidogo kiwikoni. Alikaa pale hata jua likahama. Alikuwa ametumia maisha yake yote, yale anayoyakumbuka, kuwafundisha watu kosa moja waliache, na sasa kosa hilo hilo lilikuwa limekaa mbele yake kama mlango uliofunguliwa na mama, na kwa nyuma ya mlango kulikuwa na kuishi.

Kurudi mjini alipita Shimoni, na hapo alimkuta Mzee Ngwali juu ya ngazi. Mzee Ngwali alikuwa mpaka rangi wa Baraza, mtu wa kutu nyingi, amepukutika sikio moja zima, na kazi yake ilikuwa kupaka upya namba iliyokuwa juu ya kifuniko cha Shimo. Sikudhani alikuwa amepita pale mara mia na hakuwahi kuitazama ile namba. Sasa aliitazama. Ilikuwa nne, na Mzee Ngwali alikuwa anaifuta ili aandike tano.

Akamuuliza imekuwaje. Mzee akamwambia, huku akichovya brashi, kwamba hiyo ni shughuli yake ya siku zote. Shimo ni tano. Akishatumbukizwa mtu, kesho yake yeye Ngwali hukuta nne. Akiuliza, huambiwa moshi umekula rangi. Kisha yanaletwa madumu ya tindikali mpya, yanamiminwa, naye anapaka tano.

"Miaka yote hii," alisema, "moshi unakula rangi, halafu unaandika nne. Nne yenyewe ina mkia, mwanangu. Mimi niliyesomea kazi hii sijui kuweka mkia mzuri namna ile."

"Mzee, umewahi kumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nimebakiwa na sikio moja, nalitaka."

Sikudhani alishika ngazi. Tano kwenda nne. Imeshuka. Angeweza kuisema usingizini, alikuwa ameisema mara mia na zaidi juu ya watu waliokuwa bado wanajifunza kukunja vidole: ikishuka, mtu kachukua. Kila mwekundu aliyeingia mle aliingia na zile chembe mbili alizopewa na mtu aliyempenda, akatoka hana. Zilikwenda wapi? Kwa nani? Mbao zote zilieleza habari za bwawani. Hakuna hata ubao mmoja uliowahi kuandika habari za Shimo. Mchukuaji mkubwa kuliko wote alikuwa katikati ya mji, ana kifuniko na ana mpaka rangi, na hakuna aliyemtambua kwa sababu yeye ndiye aliyeajiri watambuzi.

Kipanga alimtokea pale pale, koti lake likiburura vumbi, kama kwamba vumbi ndilo lililomleta. Alimtazama kiwiko. Hakushangaa hata kidogo, na kutoshangaa kwake ndiko kulikomweleza Sikudhani kila kitu: mzee huyu alijua tangu siku ya ukingoni. Akamwambia kwa upole kwamba hana haja ya kujisumbua. Yule mwanamke ni doa, haumwi. Namba yake imepanda. Aandike kwamba Mwantumu alichukua, umma utakubali, umma hupenda kukubali, na yeye Sikudhani atabaki na joho lake na chaki yake. Alisema amemlea, na kwamba anamhitaji.

Maneno yalikuwa yale yale ya mama. Hata mpangilio wake. Hilo ndilo lililomtia Sikudhani baridi: kwamba anayekupenda na anayekumiliki wanaweza wakafika kwenye sentensi moja, kila mmoja kwa njia yake, wakakusubiri hapo. Mama aliisema ili yeye asipungukiwe. Kipanga aliisema ili asipungukiwe Kipanga. Ukiandika ubaoni, hazina tofauti.

Niandike nini. Niandike mama. Mama hana mwili wa kuuma. Niandike mama, nile, nilale. Niandike mama, na kesho aletwe mwingine anayekunja vidole, nimwambie si mimi, ni namba. Ni namba ipi sasa? Ile niliyoigeuza? Nikiigeuza moja, zile mia zilikuwa nini? Niandike mama. Mkono huu ni wa nani unaotaka kuandika mama? Una chembe zake mbili. Unataka kumwandika mwizi kwa kutumia alichonipa.

Siku ya tatu watu walijaa. Walisimama mpaka juu ya kuta, kutu ikiwapukutika kwa msongamano, na wale wanong'onaji wa foleni walikuwa mbele kabisa wakisubiri kuona kama neno zawadi litaandikwa. Kipanga alikaa kwenye kiti chake. Mzee Ngwali alikuwa pembeni na ndoo, maana baada ya kila hukumu palikuwa na kazi ya kupaka.

Sikudhani alikitundika kile kipande cha ubao. Akasoma kwa sauti upande ulioandikwa: Mwantumu, sifuri kwenda mbili. Mbele yake yule shemeji ya Uledi akamnong'oneza jirani kwamba huyo kapanda, basi kumbe ndiye aliyechukua. Jirani akaitikia. Ikaenda nyuma kama wimbi, kapanda, kachukua, kapanda, kachukua, na Sikudhani akaona kwamba hata hahitaji kusema uongo. Ilitosha anyamaze.

"Kapungukiwa," alisema.

Akavua joho. Alikuwa amejisugua mwili mzima alfajiri ile, kwa majivu na ndimu, na jua lilipompiga watu wa mbele waliziba macho. Akaandika upande wa pili wa mshale jina lake. Mbili kwenda sifuri. Akachora mstari chini. Akawaambia kwamba kuna aliyetoa na kuna aliyechukua, na aliyechukua ni yeye, na hakuchukua kwa kunyang'anya. Alipewa, na wale mia na zaidi aliowaandika kwa mkono wake walipewa vilevile. Sheria iliuliza nani kachukua. Haikuwahi kuuliza kama mwenyewe alimpa.

Kipanga alitazama ubao, kisha akatazama watu. Akasema, na sauti yake haikubadilika, kwamba mtambuzi ametambua, mlinganyo umetimia, na sheria ifuate. Pengine alihuzunika. Koti lilikuwa zito, huwezi kujua.

Walipomfikisha kwenye kifuniko Sikudhani aliomba jambo moja. Desturi ya mahali pale ilikuwa watu kusoma kwa pamoja namba ya mhukumiwa, kabla na baada, ili badiliko liwe limeshuhudiwa. Aliomba safari hii wasome pande zote mbili.

"Mimi sasa natoa," aliwaambia. "Mnajua sheria. Hakuna anayetoa pasipo anayechukua. Nani anachukua?"

Watu walitazama viatu. Kipanga aliwaamuru walinzi, nao walifanya haraka, maana swali lilikuwa linaanza kukaa hewani kama harufu. Kifuniko kiliinuliwa. Watu wakasema kwa pamoja, kama ada, sifuri, ile ya kwake, na Sikudhani akashuka.

Haikuwa maumivu. Ilikuwa ni kusahau kunakoanzia miguuni. Magoti yalisahau kazi yao, kiuno kikasahau magoti. Moshi wa kahawia ulipanda na kupitia ndani yake aliona duara la mbingu, na pembeni ya duara vichwa vimeinama, na juu ya ngazi mtu mwenye sikio moja ameshika brashi isiyochovya chochote. Mtu huyo alikuwa anatazama namba ya kifuniko. Midomo yake ilitetemeka kama ya mtoto anayeanza kusoma.

"Tano," Mzee Ngwali alisoma.

Sauti yake ilikuwa ndogo, na mtu fulani alimwambia anyamaze. Lakini palikuwa na mwanamke aliyelirudia lile neno, tano, na mwingine nyuma yake, kwa kusitasita, kama watu wanaopapasa ngazi gizani kwa unyayo. Sikudhani alijitahidi kusikiliza. Alitaka kuisikia inayofuata. Alijua ni ipi, ilikuwa tayari inajiandika juu ya kifuniko na mkia wake mzuri, ilibaki kusemwa tu, na alikaza kile kidogo kilichosalia cha kusikilizia, akakikaza kuelekea kwao.

Ila masikio yalikuwa yamekwisha kuwa buluu.